Haki ya Avdija

Avdija alianguka zizini katikati ya majira ya baridi, akikamua. Dada yake Zumra alisikia ng'ombe akilia kwa namna isiyo ya kawaida, akaenda kutazama. Akamkuta kakaye amelala juu ya nyasi, mdomo umekwenda upande, macho wazi, maziwa yamemwagika na kuanza kuganda sakafuni. Theluji ilikuwa imeziba barabara. Wanaume walimfunga mablanketi, wakamlaza kwenye gari la farasi la kuteleza juu ya theluji, wakampeleka hivyo hivyo mpaka mahali ambapo gari la wagonjwa liliweza kufika.

Hospitali ilimrudisha akiwa hai, lakini upande wa kulia ulikuwa umekufa na ulimi umekufa pia. Sauti iliyombakia ilikuwa moja tu: "ha". Akitaka maji, ha. Blanketi likiteleza, ha. Paka akipanda kifuani, ha. Zumra, ambaye naye ana magoti mabovu, alijifunza kuzitofautisha hizo ha kwa kumtazama machoni, na mara nyingi alikosea. Mimi nyumba yangu iko chini ya yao, ukuta kwa ukuta, na nilipanda kwenda kumsaidia kila nilipomsikia akihema. Avdija alikuwa mtu mkubwa. Kumgeuza ilikuwa kama kugeuza gogo lililolowa, gogo ambalo linakutazama na kuona haya.

Hapa kijijini kwetu Vrelovac watu hawakumwita Avdija kwa jina lake. Walimwita Kibiriti.

Sababu yake ilikuwa ya zamani, enzi za ushirika. Mwisho wa kiangazi kimoja ghala la nyasi lilishika moto, na nyasi za kijiji kizima, jasho la msimu mzima wa kufyeka, zikawa majivu kabla ya sala ya alasiri. Mwaka ule watu walichinja ng'ombe wao kwa sababu hapakuwa na cha kuwalisha. Wapelelezi walikuja kutoka mjini, na Ragib, rafiki na rika lake Avdija, akasema alimwona akitoka ghalani na sigara mdomoni. Avdija alisema hakuwa pale, alikuwa mlimani peke yake akitafuta ndama aliyepotea. Ndama hatoi ushahidi. Wakamfunga.

Alipokuwa gerezani mama yao alifariki. Devleta, msichana aliyekuwa amechumbiwa naye, aliozwa bonde jingine. Zumra alikuwa ameolewa kijiji cha jirani. Kila alipofika mezani mashemeji zake walificha njiti za kibiriti na kucheka, mpaka siku moja akafunga nguo zake kwenye shuka akarudi kwao. Hakuolewa tena. Avdija alipotoka hakusema neno. Alifyeka nyasi za watu, alichunga kondoo wa watu, alisali msikitini safu moja na Ragib. Akiomba moto wa sigara, vijana walisema, "Msimpe Kibiriti kibiriti!" Naye alicheka kidogo kwa adabu, akairudisha sigara mfukoni.

Basi, theluji ilipoanza kuyeyuka tukasikia Ragib anakwenda Hija. Wanawe wawili wako Austria, wamejenga, wamefanikiwa, wakamwandalia baba yao safari. Na kwetu, mtu akienda Hija, hupita kwanza nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Haondoki na haki ya mtu shingoni. Ragib alipita na mkewe Hatka, amevaa koti jipya, na kila mlango walipewa kahawa na sukari ya donge, na kila mtu alisema neno linalosemwa: "halali", yaani nimekusamehe haki yangu. Nyumba ya Zumra waliiweka mwisho.

Nilikuwa pale siku hiyo, nachambua sufu. Avdija alikuwa amelazwa kwenye kochi karibu na jiko.

"Dada Zumra," Ragib alisema akiwa bado mlangoni, kofia mkononi, "naondoka, Mungu akipenda. Kama nimekukosea kwa neno au kwa tendo, unisamehe."

"Umesamehewa, jirani, duniani na akhera. Na sisi utusamehe. Ingieni mkae, kahawa iko jikoni."

Hapo ndipo mambo yalipaswa kwisha. Hatka alikwisha kaa na kuanza kusifia sufu. Lakini Ragib alibaki amesimama, anamtazama Avdija. Kisha akapiga magoti pale sakafuni na koti lake jipya.

"Avdija. Ni mimi. Ghala ni mimi."

"Ragib!" mkewe alisema. "Inuka, mzee. Umechoka."

"Nilijificha mle kukwepa kazi. Nikavuta sigara, nikapitiwa na usingizi. Nilipoamka nyasi zinawaka. Nikaogopa, Avdija. Waliponiuliza, jina lako ndilo lililonijia kwanza, kwa sababu ndilo nililokuwa nalitaja kila siku."

Zumra alikuwa anamimina kahawa. Aliendelea kumimina, kikombe kikajaa, sinia likajaa, kahawa ikaanza kudondoka kwenye zulia. Nilimshika mkono nikamnyang'anya birika.

"Rudia," alimwambia Ragib.

Akarudia. Yote, kwa maneno yale yale, kama mtu aliyeyasoma kimoyomoyo maisha yake yote.

"Kwa nini leo?" Zumra aliuliza. Hakupaza sauti. "Alikuwa na ulimi, Ragib. Miaka yote hiyo alikuwa na ulimi na mlikuwa mnakutana kisimani. Umengoja mpaka hana."

"Nilikuwa nangoja aniulize. Angeniuliza mara moja tu ningemwambia. Hakuniuliza."

"Kwa hiyo kosa ni lake?"

"Hapana, dada. Si lake." Akaushika mkono wa kushoto wa Avdija, ule uliokuwa bado una uhai. "Ndugu yangu, nisamehe. Nisamehe haki yako. Ukitaka nitembee kwa magoti nitatembea, ila nisamehe."

Avdija alimtazama. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini tangu aanguke jicho lake moja lilikuwa likitoa machozi wakati wote. Midomo ikahangaika.

"Ha," alisema.

"Mmesikia!" Hatka aliruka. "Halali! Amesema halali! Mashahidi mpo wawili hapa!"

"Hatka, kaa chini," Zumra alisema. "Ha hiyo hiyo ndiyo anayoombea chombo cha mkojo."

"We Zumra, una moyo gani? Mtu amesamehe, wewe unazuia?"

"Sizuii. Sijui alichosema."

"Wewe ndiye unayemwelewa! Kijiji kizima kinajua unamwelewa!"

Zumra aliinama juu ya kaka yake, uso kwa uso. Alimtazama muda mrefu. Mimi nilikuwa naomba moyoni aseme ndiyo, aseme tu ndiyo, watu waende makwao.

"Sijui," alisema mwishowe. "Wallahi sijui."

Hatka alisimama, akafunga skafu yake vizuri. "Basi wewe ulishasema. Mlangoni pale. Duniani na akhera. Hilo hulirudishi."

"Nilisema kwa mtu mwingine," Zumra akajibu. "Huyu aliyepiga magoti simjui."

Ragib alikwenda moja kwa moja kwa imamu wetu, Sabit efendi, kama tunavyowaita maimamu hapa, kijana bado, ndevu hazijajaa. Imamu hakumfariji. Alimwambia kwamba dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake, mlango wake hauna kufuli. Lakini haki ya mwanadamu iko mkononi mwa mwanadamu mwenyewe, na Hija haiioshi. Alimwambia aanze kwa kumsafisha Avdija mbele ya wale wale waliomchafua. Na Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, Ragib alisimama msikitini akasema yote. Mume wangu alikuwepo. Anasema maji yalisikika yakidondoka kwenye mfereji wa paa.

Kisha wanaume wakapanda kwa Zumra, msikiti mzima. Walijaa chumba, wakajaa ukumbi, wengine wakabaki uani na matope. Mmoja mmoja walikwenda kwenye kochi. "Avdija, tusamehe." "Avdija, tulikuwa tunatania tu, unajua." Mzee mmoja, aliyepoteza ng'ombe wake wote mwaka ule wa moto na aliyewahi kumtemea mate njiani, alimbusu bega akatoka. Avdija alianza vizuri, akiwatazama. Walipozidi, aligeuza uso akatazama ukuta, na hakuugeuza tena mpaka wote walipoondoka. Wengine walisema amechoka. Wengine walisema amekataa. Walimwendea Zumra jikoni kumuuliza ni lipi kati ya mawili, naye alikuwa anaosha vikombe visivyo na idadi, mgongo amewapa.

Siku ya mahujaji kuondoka, basi lilipiga honi barabarani na kiti cha Ragib kikaenda na mtu mwingine. Wanawe walipiga simu kutoka Austria wakamfokea. Alizima simu, akachukua shoka, akaja kupasua kuni uani kwa Zumra bila kuomba ruhusa.

Alikuja kesho yake pia. Zumra hakumfungulia, akapasua kuni, akaondoka. Halafu siku moja Avdija akateleza kutoka kwenye kochi, mimi nikiwa shambani, na Zumra akashindwa kumwinua. Alijaribu kwa shuka, alijaribu kwa mkanda, magoti yakagoma, wakabaki wote wawili sakafuni. Alisikia shoka nje. Akafungua dirisha akaita.

Tangu siku hiyo Ragib ndiye aliyekuwa akimwinua. Alimgeuza, alimwogesha, alimpaka mafuta vidonda vya mgongoni, alimnyoa ndevu kwa uangalifu, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Alimsimulia habari za kijiji: nani kauza kondoo, nani kaoa. Wakati mwingine alisimulia habari za ujana wao, na Avdija alikuwa akitoa sauti fulani shingoni ambayo ingeweza kuwa kicheko. Kila mara kabla ya kuondoka alimuuliza, "Leo je, Avdija?" Na Avdija alisema ha, au hakusema.

"Unajua ni adhabu gani hii, mwanangu?" Zumra aliniambia siku moja tukikamua. "Namchukia, na bila yeye kaka yangu ataoza. Nikimwona anakuja nashukuru. Nikishukuru najichukia mwenyewe."

"Mwambie tu kaka amesamehe," nilisema. "Nani ataumia?"

"Na kama hajasamehe? Walishamsemea mara moja, wakamfunga. Nimsemee tena mimi?"

Zumra alijaribu kila njia ya kujua. Imamu alikuja mara kwa mara, akaketi kando ya kochi, akamsomea Avdija, akamwambia kwa upole kwamba Mungu anawapenda wenye kusamehe hali wana uwezo wa kulipiza, na kwamba ujira wao uko kwake Mwenyewe. Zumra alimkatiza. "Efendi, sema hayo kwa mwenye uwezo. Huyu hawezi hata kumfukuza nzi." Imamu akainamisha kichwa. Nilimwona akitoka anajifuta macho. Lakini ni yeye aliyetoa wazo la macho. Alisema Zumra amwombe kaka yake afumbe macho kama amesamehe.

Tulifanya hivyo asubuhi moja, Ragib akiwa ameshika kofia yake pale pale alipopigia magoti.

"Kaka," Zumra alisema, "nisikilize. Ragib huyu hapa. Kama umemsamehe, fumba macho."

Avdija akafumba macho.

Ragib alitoa sauti kama mtu aliyepigwa tumboni. Hatka, aliyekuja makusudi, akasema, "Alhamdulillahi! Si nilisema?" Imamu naye akatabasamu. Ila Zumra aliinua mkono wake.

"Kaka. Fumbua. Haya. Kama hujamsamehe, fumba macho."

Avdija akafumba macho.

Zumra akauliza tena, akigeuza maneno. Akauliza kama jina lake ni Avdija, akafumba. Akauliza kama jina lake ni Ragib, akafumba. Pengine alikuwa anatii tu sauti ya dada yake. Pengine alikuwa na usingizi. Pengine yalikuwa yote mawili, amesamehe na hajasamehe, na mtu mwenye ulimi mzima angeweza kutueleza hilo na bado tusimwelewe.

"Ungeacha pale pale pa kwanza," Hatka alisema kwa uchungu. "Ungeacha pale tu. Ungepungukiwa nini?"

Zumra alivuta blanketi. Alikuwa anamfunika kaka yake.

Avdija alifariki majira ya mapukutiko, wakati wa kuanika jibini, mchana kweupe, Ragib akiwa amemshikilia ili Zumra ambadilishie mto. Alishusha pumzi na hakuivuta tena. Ragib aliendelea kumshikilia. Ilibidi tumwambie amlaze.

Kwetu wanawake hatuendi makaburini siku ya mazishi, lakini uwanja wa msikiti uko chini ya ua wa Zumra na sauti inapanda. Tulisimama kwenye uzio. Baada ya kumsalia, imamu aligeukia watu akauliza kama ilivyo desturi: je, mnamsamehe maiti huyu haki zenu? Wanaume wakaitikia kwa pamoja, "Halali!" Akauliza mara ya pili, wakaitikia. Ya tatu aliiuliza taratibu, na sauti ikamkatika, kwa sababu nadhani ndipo alipotambua anamwombea nani msamaha, na kwa kina nani.

Katikati ya maitikio hayo sauti moja ilipanda peke yake.

"Yeye je? Yeye mbona hamumuulizi?"

Alikuwa Ragib. Alikuwa ameshika ubao wa jeneza.

"Muulizeni yeye! Sisi ametukosea nini? Muulizeni yeye!"

Wanaume wakamshika mabega, wakamwondoa polepole, naye hakushindana nao. Zumra aliwasikiliza wanawake wote pale uzioni wakilia. Yeye macho yake yalikuwa makavu, ameshika waya kwa mikono miwili.

Asubuhi ya pili Ragib alikuja na kuni kwa mazoea. Alifika mlangoni, akakumbuka, akasimama na mzigo mikononi, hajui auweke au aurudishe. Nilikuwa ndani na Zumra, tunazitoa nguo za marehemu.

"Weka hapo," Zumra alisema. "Ingia. Leo nina la kusema, nisikilize kabla sijabadilika."

Akaingia. Hakukaa.

"Mama yangu alikufa akiniuliza mwanawe yuko wapi, nami namwambia anakuja. Hilo ni langu. Nilimwacha mume nikarudi kwetu. Hilo ni langu. Watoto ambao sikuwazaa ni wangu. Nimekaa nalo hili kiangazi chote, Ragib. Nimekuona ukimwosha kaka yangu vizuri kuliko alivyowahi kuoshwa na mama. Si kwa sababu hiyo. Hukulipa, usidhani umelipa. Ila mimi nami nitasimama mbele ya Mungu na yangu, na nitataka anisamehe bila kupima. Langu nimekusamehe. Safari hii najua ninachokisema na najua namwambia nani."

Ragib alianguka kwenye kiti. Alilia vibaya, bila adabu, makamasi na yote. Zumra alimpa taulo. Nilimtazama usoni nikitafuta ule wepesi ambao imamu huwa anausema. Sikuuona. Alikuwa mzee aliyechoka, ameshika fulana ya kaka yake.

"Na lake?" Ragib aliuliza baadaye, kwa sauti ndogo sana.

"Lake sina."

"Wewe ndiye mrithi wake, dada Zumra. Huna hata kidogo?"

"Amenirithisha ng'ombe na kochi. Hilo hakuniachia. Ningekuwa nalo ningekupa sasa hivi, nipumzike nami. Muulize Mungu. Labda alimwambia Yeye."

Majira ya baridi yale wanawe walikuja kumchukua. Hatka aliitaka safari, na Ragib alikuwa amekonda kiasi kwamba hakuwa na nguvu ya kukataa. Kabla ya kupanda gari alikwenda makaburini, theluji mpaka magotini, akakaa mpaka mwanawe akamfuata kumleta.

Sasa wako huko Austria. Kila Ijumaa, baada ya sala, anapiga simu kwa Zumra. Namsikia Zumra akiongea kwa sauti kubwa, maana Ragib masikio yamepungua. Ragib anamuuliza hali ya miguu, habari za ng'ombe, habari za theluji. Kisha Zumra ananyamaza, na mimi najua ameulizwa nini, kwa sababu ni swali moja kila wiki: kama ameota. Ragib amesikia kwamba maiti huja ndotoni kwa watu wake, na anangoja Avdija aje kwa dada yake aseme lile neno.

Zumra anaweza kusema ndiyo. Hakuna atakayejua.

"Bado, Ragib," anamwambia. "Sijaota. Nikiota nitakupigia mwenyewe."